Magloire Alionja Kwanza

Likasi, 12 Agosti 2024

Yaya Angèle mpendwa,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe, shemeji Kabongo na watoto. Mafua ya mtoto mdogo yameisha? Huku vumbi la Agosti linawakohoza wote, lakini mimi hata kuugua nimesahau, maana nimeolewa! Kila nikiandika neno hilo nalisoma tena. Asubuhi nikiamka kabla ya Hilaire, naliangalia sikio lake. Sikio tu, yaya! Sikujua sikio la mwanamume laweza kuwa zuri hivyo. Akirudi kutoka Mwadingusha, kule bwawani, nguo zake zinanuka mafuta ya mashine, nami nazinusa kabla ya kuziloweka. Cheka tu. Bwana wangu anatengeneza umeme wa watu, na hapa kwetu Kikula taa zinazimika kila jioni. Basi tunashikana mikono gizani, na siku taa zikibaki nakasirika.

Jambo moja tu linanikwaruza, ndiyo maana nakuandikia kwenye simu badala ya kukupigia. Ukuta ni mwembamba na mama Émilienne, mama mkwe wangu, ana masikio. Tunakaa naye. Hanitukani, hanisengenyi. Ananiangalia. Kila Ijumaa anapika munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, kitamu kweli. Kabla ya kunipa anaonja mbele yangu, anasema, "Natosha bulozi," yaani natoa uchawi, kama wenyeji wote wanavyofanya ili mgeni ajue hakuna sumu. Sawa, hata kwetu tulifanya hivyo. Lakini akishanipa kikombe, ananikazia macho mpaka tone la mwisho. Wamama wa kikundi chetu cha sala wananiuliza pembeni, "Huyu mama alizika waume wawili, weye unakunywa tu?"

Jumamosi tunatoka! Ni sikukuu ya kuzaliwa ya Magloire, yule aliyesimama na Hilaire kwenye arusi, anayenunua mawe ya madini kwa wachimbaji upande wa Shinkolobwe. Amekodi terasi nzima mjini. Ameniomba mara tatu nisikose kumleta Providence, rafiki yangu tuliyesoma naye Mulungwishi. Naona anampenda! Mama Émilienne aliposikia, aliniambia, "Kunywa kwenye chupa, ifunguliwe mbele ya macho yako. Na usiiache mezani ukaenda kucheza." Yaya, mama wa kanisa anajuaje mambo ya baa?

Mdogo wako mwenye furaha,
Orpha

*

Kolwezi, 15 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na masikio ya bwana wako yamefika pia, nimemsomea Kabongo, ameficha yake kwa kofia. Watoto wazima. Mafua yamehamia kwangu, ndiyo maana sitaandika sana.

Mimi pia sipendi mwanamke anayehesabu mafunda unapokunywa. Munkoyo wake ukiumwaga nyuma ya nyumba hakuna atakayekufunga. Lakini neno lake kuhusu chupa ni la akili, lifuate. Hapa mtaani kuna binti alienda kucheza akaamka asubuhi kwenye nyumba asiyoijua, viatu hana, kumbukumbu hana. Mwende wawili, mrudi wawili. Kinywaji mlichokiacha kikae bila mtu, kiacheni kabisa, hata kama ni cha bei.

Msalimie huyo mwenye masikio.

Yaya wako,
Angèle

*

Likasi, 20 Agosti 2024

Yaya wangu,

Habari za mafua? Mimi ni mzima, Hilaire mzima, lakini usingizi umepungua humu ndani. Nitakueleza kwa utaratibu.

Jumamosi mchana Providence alikuja tuvae pamoja. Tulikuwa tunafunga vitenge, mama akatuletea munkoyo vikombe viwili. Hapo akasikia mtu anagonga, akaenda kufungua. Hakuonja. Yaya, hakuonja! Nikamwaga changu dirishani kama ulivyosema. Providence alikuwa amekwisha kumaliza chake, anajilamba.

Kwenye terasi jioni kulikuwa kuzuri, muziki, nyama ya kuchoma, Hilaire ameweka mkono wake mgongoni mwangu. Magloire akaleta vinywaji mwenyewe kutoka kaunta. Providence hanywi pombe, akaletewa soda kwenye glasi. Akakataa. "Minye nataka chupa, nifunguliwe hapa."

Magloire akacheka. "Weye unaniona mulozi?" Akainua glasi, akapiga funda kubwa mbele yetu sote, akasema kama bibi kizee, "Natosha bulozi!" Watu wakapiga makofi. Providence akaona haya, akaipokea.

Hakumaliza hata nusu. Tulicheza wimbo mmoja, ulimi wake ukawa mzito, magoti yakakunjika. Magloire akasema, "Amechoka, namufikisha kwao," na gari lilikuwa limekwisha kuwashwa. Lakini Providence alishika kitenge changu, hakukiachia. Sikuwa na namna, nikapanda naye. Magloire akageuka. "Orpha, shuka. Bwana wako anakungoja." Nikasema nitashuka Providence akishakiachia kitenge. Magloire akaendesha mpaka kwa wazazi wa Providence. Masikini, nilimwona amehangaika.

Providence aliamka watu wametoka kanisani. Hakumbuki ngoma, hakumbuki gari. Tukampelekea pasta habari. Pasta akauliza swali moja tu, "Nani alimpa kinywaji bila kuonja?" Basi, yaya, umejua jibu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukoo unakutana hapa nyumbani. Wajomba wanasema mama Émilienne atoke, aende akaishi kwa dada yake aliyeko porini, mbali na bibi arusi. Hilaire anakula akiangalia sahani.

Magloire ndiye pekee mwenye moyo. Jumapili hii amemwalika Providence kwake chakula cha mchana, ampoze kwa jioni iliyoharibika.

Mdogo wako,
Orpha

*

Kolwezi, 21 Agosti 2024

Orpha mdogo wangu,

Mmeamkaje? Sisi wazima, salamu zimetosha.

Soma pole pole. Nilikuwa sokoni nampimia mteja kitambaa nikakata pabaya, kwa sababu ya barua yako. Magloire alionja mbele yenu, sawa. Baada ya kuonja, glasi ilikuwa mkononi mwa nani? Ilitoka mdomoni kwake ikaenda moja kwa moja kwa Providence, au ilipitia mahali?

Mtu akionja, tunajua lile funda alilomeza lilikuwa zuri. Hatujui kilichofuata. Sisi tumezoea kumwangalia anapoonja, halafu tunapiga makofi na kugeuka. Na huo munkoyo, Providence aliunywa mchana, akafunga kitenge, akatembea, akala nyama, akacheza. Ungemngoja mpaka glasi ya Magloire ifike? Mimi nilikuchochea umwogope mama huyo kwa sababu ya macho yake. Macho si sumu.

Providence asiende kwa Magloire. Mwambie leo, si kesho. Na aende kwa daktari hata kama siku zimepita, aseme yote bila aibu. Angeenda asubuhi ile wangeweza kupima mkojo. Na uliza kwenye terasi. Anayebeba vinywaji anaona kila kitu.

Yaya wako,
Angèle

*

Likasi, 24 Agosti 2024

Yaya,

Natumaini mko wazima. Mimi mwili ni mzima.

Nilikwenda kwenye terasi Alhamisi asubuhi, inafagiliwa. Msichana anayehudumia anaitwa Emmanuella. Mwanzo nikimuuliza habari za ile glasi alifagia tu, hata miguu yangu akaifagia. Nikamwambia, "Rafiki yangu angeweza kuwa weye." Akasimama.

"Alionja, mama, nilimuona. Halafu akasema soda ni ya moto, akarudi nayo kaunta kuomba barafu."

"Ndiyo, nakumbuka alirudi."

"Barafu ilikuwa kwenye meza yenu. Ndoo nzima. Minye njo niliileta."

Yaya, niliikumbuka ile ndoo. Hilaire alikuwa amenigusa shavu na kipande chake, nikapiga kelele kwa furaha. Wakati uleule Magloire alikuwa kaunta nyuma yangu.

Emmanuella akasema Providence si msichana wa kwanza, na kwamba wahudumu wakisema wanafukuzwa kazi.

Providence haendi Jumapili, nimehakikisha. Amekwenda kwa daktari na mama yake. Daktari amemsikiliza vizuri, ila kwa kupima wamechelewa.

Sasa hili ndilo sijamwambia mtu. Jana Hilaire alirudi kutoka bwawani. Nilimpikia ugali wa bukari na samaki wa mto Lufira, nikamngoja ale nusu, nikamweleza habari ya barafu. Akasema upesi, "Magloire alionja, wote tuliona."

Nikasema, "Alionja, halafu akaondoka nayo."

"Orpha, acha. Magloire hana roho mbaya. Analegeza tu."

"Analegeza nini?"

Hapo akaacha kutafuna.

"Hilaire. Analegeza nini?"

"Ni maneno ya wanaume. Wasichana wenye kujikaza. Kidonge kidogo, wanacheka, wanakuwa wepesi. Hawafi."

"Weye ulijua?"

"Kila mutu anajua."

"Na mama yako? Wanataka kumwita mulozi, na weye unaangalia sahani?"

Akasema Magloire ndiye aliyemtafutia kazi Mwadingusha. Akasema mama ni mtu mzima, atakaa kwa dada yake kidogo, mambo yatapoa, atamrudisha. Alisema kwa sauti ileile nzuri, yaya, ile aliyoniombea ndoa. Nilikuwa nasikiliza sauti na kusahau maneno, halafu maneno yakanirudia.

Nguo zake ziko kwenye beseni. Sijazinusa. Sijui nimelala na nani mwezi huu mzima.

Mdogo wako,
Orpha

*

Kolwezi, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Leo siulizi habari, nazijua.

Sikuambii umwache, sikuambii ubaki. Kitanda cha watoto kinaweza kuwa chako saa yoyote, Kabongo amekubali kabla sijamaliza kuuliza. Neno moja tu. Siku ya mkutano wa ukoo, usikae upande wa bwana wako. Kaa upande wa mama yake.

Yaya wako,
Angèle

*

Likasi, 1 Septemba 2024

Yaya mpendwa,

Salamu kwa wote. Sauti imenikauka, lakini ni mzima.

Jana walikuja wajomba wanne, pasta, Providence na baba yake. Magloire naye alikuja, shati jeupe, kama rafiki wa nyumba. Nilivuta kiti changu nikakiweka karibu na mama Émilienne. Alinitazama kama nimekosea mlango.

Pasta akaanza. "Mama, kwa nini siku ile hukuonja?"

"Kulikuwa na mutu anagonga."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Njo hiyo. Mukitaka kunifukuza kwa sababu ya mulango, mufukuze na mulango."

Mjomba mmoja alicheka, akakohoa kuficha. Pasta akasema hapa si pa mchezo, Magloire alionja, mama hakuonja, kila mmoja aone kwa macho yake. Nikasimama. Nikasema yote, glasi, kaunta, ndoo ya barafu. Sikumtaja Emmanuella, nilisema tu kuna aliyeona.

Magloire akatabasamu. "Bibi arusi wetu bado ana usingizi wa arusi. Siku ile macho yake yalikuwa kwa bwana yake tu." Watu wakacheka, na ilikuwa kweli, ndiyo iliyoniuma. Baba ya Providence hakucheka.

Nikageuka. "Hilaire, sema lile neno uliloniambia mezani."

Nilifikiri, sasa nitamjua. Akainua kichwa, lakini hakuniangalia mimi wala pasta. Alimwangalia mama yake.

"Mama, Magloire analegeza wasichana. Na kidonge. Minye nilijua tangu zamani."

Mama akasema, "Sema kwa sauti. Pasta hasikii vizuri sikio la kushoto."

Akarudia kwa sauti. Mara ya pili alikuwa analia. Magloire akachukua funguo zake na kutoka, akisema tutaona nani atakula kesho. Hakuna aliyemsindikiza. Pasta alitaka kufunga kwa sala, mama akamwambia asali kwanza sala ya msamaha, halafu mengine. Na akasali, yaya, nakuambia ukweli!

Jioni nilimsaidia mama kuosha vikombe. Nikamuuliza nani alimfundisha habari za chupa. Akasema ujana wake wote aliuza samaki wa kukaanga mbele ya baa, aliona wasichana wakiingia wanacheka na wakitoka wamebebwa. Nikapata nguvu, nikamuuliza kwa nini alikuwa akinikazia macho nikinywa.

"Nilingoja useme kama ni tamu. Hukusema hata siku moja."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikalia pale pale, naye akaendelea kuosha.

Nalala chumbani kwake. Hilaire amelala sebuleni, asubuhi amenichotea maji bila kuagizwa. Nampenda bado, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nimemwambia kulia mbele ya wajomba hakutoshi. Kesho Providence anakwenda polisi na baba yake, mimi na mama tunamsindikiza. Emmanuella ametuma neno kwamba atakuja, akifukuzwa afukuzwe. Hilaire anasema na yeye atasema huko alichosema hapa, hata kazi ya bwawani ikipotea. Amesema mambo mengi mazuri tangu nimjue.

Mdogo wako,
Orpha

*

Likasi, 2 Septemba 2024

Yaya, naandika haraka, tuko mbele ya mlango wa polisi.

Hilaire yuko hapa. Alifika kabla yetu, kwa miguu, na shati la arusi. Ametapika mferejini kwa woga. Mama amempa kitambaa, amemwambia, "Futa mudomo, unaingia wa kwanza."

Ameingia.

Mdogo wako