Gari Lililokuja Limelowa

Zuleikha,

Wali umo sufuriani, mchuzi upashe moto. Kula, usinisubiri. Alasiri nitakuwa uwanja wa ndege nampokea bosi kwa gari lake jipya la umeme. Watu wa duka la magari wameliteremsha leo asubuhi, na mimi ndiye niliyelikagua.

Haya, anza kucheka. Nani alikufundisha udereva, akakwambia gari lililolowa halipokelewi, maji yanaficha mikwaruzo? Mimi. Basi wameniletea gari limetoka kuoshwa, linachuruzika, na macho yangu yote yako chini ya boneti. Hakuna injini, mwanangu! Hakuna hata oili ya kupima. Miaka kumi na moja ya kuendesha hapa Doha, nimesimama kama nguzo. Nikaona haya kuuliza, nikatia saini.

Lori lao halijakata kona, jua likalikausha gari. Mlango wa nyuma una mkwaruzo wa shibiri nzima. Nimewapigia, wanasema saini ni yangu.

~~Niletee ile dawa yako ya kung'arisha rangi.~~ Usilete. Nimepitisha ukucha, mkwaruzo umefika kwenye bati, hautoki kwa dawa.

Nguo zangu ziko kwenye kamba, zianue kabla ya vumbi.

Na bosi alipiga simu maji yakiwa hayajakauka, akauliza gari likoje. Nikamwambia halina hata alama. Akasema basi yeye hana haja ya kulizunguka, macho yangu yanamtosha.

Mjomba wako