Hesabu ya Furaha mbele ya mkaguzi

Papa Mwalimu,

Sikubali siku hii iishe bila kukuambia. Mkaguzi alikuja leo. Asiporidhika, tuliambiwa, mi natolewa darasa la nne, lile darasa lako, anapewa mwingine.

Tangu tukuzike, kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka imebadilika. Darasa lina bati jipya, na batoto bameongezeka mpaka bengine bananisikiliza kutoka dirishani. Juzi mwalimu mkuu, ndugu yetu wa Uvira kule nyumbani, aliniita pembeni: "Dada, mgeni akifika ita tu bale banajua. Uliza kama bameelewa, bajibu ndiyo kwa nguvu, mambo yaishe." Lakini we ulinikataza swali hilo. Unakumbuka mwezi wangu wa kwanza, nilipotoka darasani nikijisifu bote bamejibu ndiyo? "Mwanangu, hiyo ndiyo yao ni wimbo tu. Tafuta mwenye hajaelewa, anza na yeye. Na akielewa, afundishe jirani yake, hapo njo utajua ameelewa kweli." Nilikununia wiki nzima!

Basi, mkaguzi kaingia na suti yake ya Lilongwe, kakosa kiti, kaketi kwenye benchi la nyuma, kando ya Furaha. Furaha! Mtoto aliyetoka Fizi, ambaye hesabu ya kutoa kwa kukopa inamliza. Mkuu kasimama mlangoni, ananikazia macho. Papa, jina la mtoto mwerevu lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikaita, "Furaha, njoo ubaoni."

Hamsini na mbili kutoa ishirini na saba. Akaandika thelathini na tano. Mkaguzi akaangalia saa yake. Nikamwambia mtoto maneno yako: "Pole pole. Kosa si mwizi, usilikimbie." Akafuta. Akahesabu vidole, akafuta tena. Nilitamani kumnyang'anya chaki! Mwishowe akaandika ishirini na tano, nami nikapumua.

Kumbe batoto banaijua kanuni yako kuliko mi. Furaha alirudi kwenye benchi na chaki mkononi, akamtazama jirani yake, akaandika hesabu nyingine juu ya ubao wa benchi, kisha akamsogezea chaki yule mzee, mkaguzi mwenyewe. Mungu wangu! Nikajua darasa la nne limenitoka. Mkaguzi akaandika jibu, akakosa, sijui alikosa kweli ao alikuwa anampima tu. Furaha akatikisa kichwa, akamgusa mkono wa koti: "Pole pole, bwana. Kosa si mwizi, usilikimbie."

Mzee akaniuliza mtoto amesema nini. Nikamtafsiria kwa Chichewa, lugha yake. Akauliza ni nani amemfundisha maneno hayo. Nikataja jina lako. Furaha alifika kambini baada ya mazishi yako, hakukuona hata siku moja, na hapo njo nilikulilia mbele ya darasa, bila haya.

Mkaguzi alifuta jibu lake kwa kiganja, akakopa vizuri, akapata. Akitoka alimwambia mkuu, "Huyu abaki hapa."

Nimebaki, Papa. Pumzika sasa. Kuna mmoja pale dirishani hajanyoosha mkono tangu muhula uanze. Kesho naanza na yeye.

Mwanafunzi wako,
Nsimire