Pembe Ikinata Ulimini

Mama yangu uliyetutangulia,

Huko uliko, weka kazi chini kwanza unisikilize. Habari hii ikikaa ndani yangu hadi kesho nitapasuka.

Leo nimefundisha somo langu la kwanza la jiolojia, hapa hapa Tshopo, katika shule isiyo mbali na soko ulilokuwa ukiuzia udongo wa pembe. Nilikuwa kwenye majaribio. Préfet, mkuu wa shule, alishaniambia wazi kwamba somo likiharibika, darasa atampa mwalimu mwingine.

Nilianza kwa kuwaomba wanafunzi wanitajie madini. Almasi, wakasema. Dhahabu. Coltan. Kisha wakaishia hapo, utadhani Mungu aliumba vitu vya kuuza tu. Wa nyuma wakaanza kusinzia, nami nikaona ninazama. Ndipo nikatoa mkobani pembe, ule udongo mweupe wanaoutafuna wajawazito wa mji mzima. Darasa likacheka. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Madame, hata hii njo madini? Mama yangu anakulaka hii kila siku."

Unakumbuka, Mama, wateja walipokushuku kwamba umechanganya na mchanga? Hukubishana nao. Uliniita mimi: "Tosha ulimi, huyu mama aone." Ukanibandika kipande, kikaning'inia pale ulimini, maana yenye mchanga hainati, mteja akacheka na kununua. Nami nilipokitafuna badala ya kukirudisha, ulinifokea kwamba nitakufilisi!

Kumbe wanajiolojia nao hupima hivyo hivyo. Siku nilipolisikia hilo chuoni nilicheka peke yangu hadi wenzangu wakageuka. Chembe za pembe ni ndogo mno, hunyonya mate, ndiyo maana hunata. Vitabuni inaitwa kaolini, nayo ilikuwa mwamba mgumu kabla mvua haijaulainisha kwa miaka isiyohesabika. Mvua hii hii inayotuloweshea nguo kambani, Mama, inaozesha mawe.

Basi nikawagawia vipande. Préfet alipofungua mlango, alikuta darasa zima limetoa ndimi nje. Nikajua kazi imekwenda na maji. Alinitazama, akawatazama wao, kisha akanyoosha mkono. Nikampa kipande. Akakiweka ulimini na kusimama pale na tai yake, hawezi kusema neno. Yule msichana wa mbele ndiye aliyemweleza kwa nini kinanata, tangu mwamba hadi mvua, bila kukosea hata kidogo. Moyo ulinijaa hadi nikashika meza.

Préfet alipoupata ulimi wake, alisema tu, "Bon. Na kesho utabafundisha nini?"

Kesho, Mama! Amesema kesho.

Ninakukumbuka hadi inauma, na leo nina furaha hadi inauma vilevile. Pumzika vyema. Mimi naenda mtoni kuokota mawe kabla giza halijaingia.

Kitinda mimba wako