Pete ya Mama Imekunywa Maji

Dadangu Nekesa,

Salamu kutoka Kitengela, ambako upepo unakuletea vumbi mpaka ndani ya chai. Nataka usikie hii kutoka kwangu mwenyewe. Jumamosi nilifua nguo nikiwa nimevaa pete ya Mama, ile ya opali, jiwe la rangi nyingi, Baba alimletea kutoka Ethiopia. Nikimaliza kuanika, naona rangi zote zimeisha. Jiwe limebaki kama kipande cha chupa.

Karibu nilipake mafuta, vile wewe hufanyia kila kitu kikififia. Lakini nikapitia kwanza kwa Mama Naserian, anayeuza shanga na vito hapa mtaa wa Noonkopir. Akanisalimia kwa Kimaasai, "Supa," nikaitikia, "Ipa," akaigeuza pete mara mbili.

"Hili la Ethiopia hunywa maji kama ng'ombe," akasema. "Likishiba linaficha rangi. Usilianike juani, litapasuka. Usilipake kitu. Lifunge kwa kitambaa, ungoje."

Nimengoja siku nne bila kuchungulia, na unajua vile mimi si mtu wa kungoja. Leo asubuhi kijani kimerudi, na nyekundu kidogo pembeni.

Sasa wewe na zile hereni za Mama za jiwe hilohilo: hakuna sabuni, hakuna mafuta, na sitaki mjadala. Unakumbuka Mama akivua pete kabla ya kushika karai, anatupatia tumshikie? Tulikuwa tunasema anaringa.

Nimewakumbuka sana. Ukienda kufua, vua hereni umpatie kitindamimba wako akushikie.

Nafula