Galoni Mbili za Kwenda Nzega

Mjukuu wangu Sefu,

Ulizoea kuniamkia shikamoo kichwa kimo ndani ya boneti, hata uso sikuuona. Leo nasema mimi, wewe utanyamaza. Herufi hizi nimefundishwa kisomoni, zikipinda ni zangu.

Arobaini yako imepita. Zuhura bado yumo edani, tumbo ulilomwachia linamlemea, na uso wake siwezi kuutazama muda mrefu. Gari lako jekundu liko uani, limekunjika pua. Kuku wanalala humo.

Mlikuwa mkibishana barazani kwangu, wewe na Hamisi mwenzako wa gereji, mpaka uji unapoa. Magari ya mbio yote mawili, milango miwili miwili, yamelala chini kama kenge. Lako silinda sita, lake nne. "Bibi, gari ni nguvu. Hilo la Hamisi ni cherehani." Naye: "Cherehani itashona mpaka Nzega, lako litaomba petroli njiani kama mgonjwa anayeomba maji." Nilicheka. Nikakuita mume wangu mwenye maringo.

Mkatia galoni mbili kila mmoja, petroli yenyewe ya kibali na foleni, mkaondoka mwone nani atafika. Na wewe, ili nguvu zako zisinywe mafuta, ukafanya wafanyavyo madereva wa huku siku hizi: mteremkoni ukatoa gia, ukazima injini. Wenye malori ya pamba hufanya hivyo, lakini wao wanakwenda mwendo wa ng'ombe. Wewe ulikuwa unakimbia. Hamisi kanieleza kwamba breki za gari lako zinasaidiwa na injini. Ukiizima, pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Fundi mzima, hukulijua hilo? Ulilijua. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala.

Walipolivuta gari pale darajani ulipogonga, chini ya mteremko, tangi lilikuwa karibu kukauka, na Nzega bado mbali.

Juzi Hamisi alikuja, kofia mkononi, anataka radhi yangu akamalizie safari ile, eti kwa heshima yako, maana vijana wa gereji bado wanabisha. Nikamwambia sawa, ila nakaa mbele. "Bibi, utaumia mgongo." Nikamwambia mgongo ni wangu.

Tulipofika mteremko ule, mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Si kwa ubaya, ni mazoea. Nikauchapa kwa bakora. Mwanamume yule akalia huku anaendesha. Mimi nililitazama daraja, nikatafuta ilipo rangi nyekundu. Ipo.

Tumefika Nzega kwa galoni mbili tu, injini ikiwaka njia nzima.

Umeshindwa, Sefu. Nilitaka uambiwe na mtu anayekupenda.

Haya, lala, mume wangu. Mungu akurehemu, mimi bado nakugombeza. Mtoto akizaliwa tutamlea mimi na Zuhura. Siku akiuliza, watu watamwambia ni gari, ni barabara, ni siku zako zilifika. Mimi nitamwambia injini aliizima baba yake, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuokoa kikombe cha petroli. Nitamwambia nikiwa nimemshika, asianguke.

Bibi yako