Hodi kwa Msitu

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaniitika marahaba, lakini siwezi kusema nawe bila kukuamkia. Wewe ndiwe uliyenilea, na madarasa haya machache ulinisomesha wewe, basi nisamehe mwandiko.

Somo yako amezaliwa. Suleimani, kama wewe, na masikio yako yote mawili, maskini. Rashidi alimwadhinia mwenyewe.

Unakumbuka watu walivyokucheka uliponioza kwake? "Suleimani ampa mwizi mtoto wa dada yake!" Hawakuona nilichokiona mimi siku ile ulipowaleta vijana wa Changamwe, wavunja nyumba wale, uwaingize msitu wa Mtongwe. Mimi nilikuwa nimewachukulia mihogo. Uliwasimamisha pale njia inapoingia kwenye miti, ukawaambia, "Pigeni hodi." Wakacheka hata wakashika mbavu. Mmoja wao, Kasimu, akauliza, "Mzee, kwani yumo nani? Nyani?"

Wewe ukakaa chini. "Mimi sina haraka. Asiyepiga hodi haingii."

Jua likapanda, mihogo ikapoa. Mwisho Rashidi akaita, kama mtu ambaye neno lile halijapata kumtoka kinywani: "Hodi!" Ndege hondohondo akalia huko juu. Ukasema, "Haya, tumekaribishwa."

Kasimu hakurudi tena. Rashidi alirudi kila Jumamosi. Mkapanda miche ya mbambakofi, mkarina asali, ukamfundisha nyoka wa kukimbiwa na nyoka wa kupishwa njia. Baadaye aliniambia: ukishazoea kuupigia mti hodi, mlango wa mtu huwa mzito kuuvunja.

Ulipotutoka, Mjomba, hakuna aliyekwenda tena msituni. Kisha Rashidi akapunguzwa kazi ghalani. Akawa akishinda barazani. Niliogopa, wallahi, asije akarudia ya zamani. Sikumwambia mtu.

Na wiki iliyopita, alasiri, Kasimu akatujia na mwenziwe. Waliingia moja kwa moja mpaka ndani, mimi nanyonyesha, sina hata mtandio. Kasimu akamwambia Rashidi, "Twende. Kuna nyumba kule kisiwani, Wazungu wanafunga mizigo kurudi kwao. Vyombo tele, mlinzi kipofu nusu."

Mtoto aliliacha ziwa akanitazama.

Rashidi akainuka. "Tokeni."

"Eh! Umekuwa shehe siku hizi?"

"Tokeni nje, mpige hodi. Mimi sina haraka."

Mjomba, ilikuwa sauti yako. Ile ile.

Wakatoka. Wakasimama juani wakitazamana. Kisha Kasimu, na ule mwili wake wote, akaita kama mtoto wa chuo cha Kurani: "Hodi."

Nilishajifunika. Mimi ndiye niliyeitikia, "Karibuni." Wakanywa chai ya tangawizi, na ile nyumba ya kisiwani haikutajwa tena.

Jumamosi walikwenda Mtongwe wote watatu, majembe begani. Walirudi na tope mpaka magotini. Kasimu analalamika, ati hondohondo amewaweka mlangoni asubuhi nzima! Na mibambakofi yako, Rashidi anasema, imempita kimo.

Watu wanasema bendera yetu i karibu kupandishwa. Wengine wanauliza nani atawaongoza vijana. Mimi nacheka peke yangu.

Nakuahidi, Mjomba: somo yako, kabla hajaijua alifu wala be, atajua hodi. Mungu akulaze pema. Ijumaa nitamleta kaburini kwako, na nitaipiga mimi kwa niaba yake.

Mwanao,
Mwanasha