Jibini Langu, Sifa Zako

Dada Martina,

Shikamoo. Ulipokuwa hai nilikuamkia kwa nusu ya moyo. Leo nakuamkia kwa moyo wote, na huwezi kuitikia.

Tangu tukuzike mambo yamebadilika. Tumehamia kijiji cha ujamaa, kule chini karibu na barabara ya Endasak, nyumba zimepangwa mstari kama mabenchi ya kanisani. Kila asubuhi napanda hadi misheni. Maziwa sasa ni ya ng'ombe wa kijiji, lakini jibini bado nalitengeneza mimi. Nalikamua maji, nalitia chumvi, naligeuza kila siku hadi likomae. Na watu bado wanakutaja wewe.

Hilo ndilo lililonila miaka yote, dada. Mimi nilinuka maziwa yaliyochacha, vidole vimepasuka kwa chumvi. Wewe ulivaa aproni nyeupe, ukaingia chumba cha kulia cha misheni na chupa za divai ya Dodoma, ukawaambia wageni, "Jibini changa lipeni divai nyeupe. Hili lililokomaa lipeni nyekundu, nyeupe hailiwezi." Wakala, wakanywa, wakafumba macho. Halafu wakakusifu wewe! Nilikuomba unifundishe. Ukacheka, ukasema, "Ulimi haufundishwi, Paskalina." Sikukuomba tena.

Ndiyo maana nilikudanganya siku ile ya wageni wa zahanati, mara tu baada ya Uhuru. Jibini lilikuwa limeshakatwa, limefunikwa kitambaa. Ulikuwa na haraka, ukaniuliza ni lipi, changa au lililokomaa. Nikasema changa. Lilikuwa la miezi minane, kali. Ukaniamini, ukafungua divai nyeupe, ile tamu. Mgeni mmoja alikunja uso, mwingine akasukuma glasi yake. Padre akakuita mbele ya wote. Ukaonja kipande, ukanitazama pale mlangoni. Ulijua. Ukasema, "Nimekosea mimi, Padre. Nimechagua bila kuonja."

Alikutoa chumba cha kulia, ukapalilia kabichi bustanini mpaka masika yakaisha. Hukunisema kwa mtu, hata kwa mama. Na mimi, badala ya kukushukuru, nikakuonea wivu kwa hilo pia. Hata kunyamaza ulinishinda.

Jumapili iliyopita walikuja wageni kutoka Arusha. Padre akaniambia nichague divai mimi. Siku hiyo niliisubiri tangu usichana wangu! Nikachagua. Walikula kwa adabu, wakaongea habari za mvua. Ndipo Natalia, binti yangu anayefundisha shule huko Gitting, aliyekuwa likizo, akaonja kipande na kubadilisha chupa. Mazungumzo yakakatika. Kisha wakaomba waongezewe.

Jikoni nikamuuliza nani kamfundisha.

"Mama mkubwa."

Dada... Kumbe ulimi unafundishwa. Ulimfundisha mwanangu, mimi ukaninyima! Nikamwambia hivyo huku nalia kwa hasira. Akaningoja nimalize, akasema, "Mama, alisema alikucheka mara moja tu, na tangu hapo hukumwangalia tena usoni. Alikuwa anasubiri umwombe mara ya pili."

Miaka kumi na zaidi, dada. Tulikuwa tunapishana kwenye korido moja.

Sitakudanganya tena: wivu haujaisha. Nikimwona Natalia ananusa glasi, amefumba macho kama wewe, nageuza uso. Natamani ungenipa mimi kwanza. Lakini jana nilimwomba anifundishe, na hakucheka. Tunaanza kesho kabla hajarudi shuleni. Na Padre akirudi kutoka Mbulu nitamwambia ni nani aliyeharibu meza ya wageni wa zahanati, na kwamba aliyeadhibiwa hakuwa na kosa. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Jina lako nitalisafisha kwanza.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Paskalina